Moshi Unaotangulia Mvua

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, mwaka jana, asubuhi, nilimpoteza mke wangu, Mama Anna. Alikuwa na pumu tangu usichana. Alifia nyumbani kwetu hapa Chiwata, katika kile kipindi cha moshi unaotangulia mvua. Naliandika hili mwanzoni ili msikae mkilisubiri. Nilikuwa nimeshastaafu, na kazi niliyostaafu ilikuwa ni hiyo hiyo mnayoianza ninyi, ya kuwaambia watu mvua inakuja lini.

Zuhura, bibi shamba wetu wa sasa, ndiye aliyeniomba niwaandikie. Alisema wapo vijana wanaopelekwa vijijini, Masasi, Newala na kwingineko, kutangaza mwelekeo wa mvua za msimu, na wakifika mbele ya watu hawajui waanzie wapi. Nilimwambia mimi ni mtu wa darasa la saba na kozi fupi. Akasema, "Baba, andika hivyo hivyo unavyoongea." Basi naongea. Nimechoka kidogo, kwa hiyo nikiruka huku na kule mnisamehe.

Kazi niliianzia Newala, chini ya Mzee Likapa, mpimaji wa mvua. Alikuwa mfupi, msemaji wa maneno machache, shati lake limefungwa kifungo mpaka cha juu hata kwenye jua kali. Kipimamvua mnakijua, ni chombo tu kilichosimamishwa ndani ya uzio. Kila asubuhi unamimina maji yaliyoingia kwenye chupa ya kupimia, unasoma, unaandika, unamwaga. Hapo penye kumwaga ndipo palipokuwa na kesi.

Newala maji ni tabu. Watu hushuka bondeni na ndoo, na mvua ikianza, kila bati huwekewa chombo chini yake. Sasa fikiria mtu wa hapo anamwona Mzee Likapa anayashika maji, anayatazama kwa makini, halafu anayamwaga chini. Siku moja mama mmoja alisimama kwenye uzio, ndoo tupu kichwani.

"We mzee, serikali imekutuma umwage maji?"

"Nimeshayapima, mama."

"Na nyumbani kwako ukishapima unga unaumwaga?"

Tangu siku hiyo Mzee Likapa akawa anayamimina kwenye kifuu cha kuku wa yule mama, nje ya uzio. Mvua ikiwa ndogo, mama alikuwa akitupigia kelele kabla hata hatujafika: "Leo kuku wangu hawashibi!" Tukipima, ni kweli.

Mzee Likapa alikuwa akisema kupima mvua iliyokwisha kunyesha ni kazi ya mtu yeyote mwenye macho na mkono usiotetemeka. Tabu ni kusema ya kesho. Nilikuja kuielewa nilipohamishiwa upande wa ugani, nikaanza kuzunguka vijijini na karatasi za mwelekeo wa msimu. Karatasi imeandikwa vizuri: uwezekano mkubwa wa mvua kuanza mapema, mvua za wastani hadi juu ya wastani. Unaisoma mbele ya watu waliovuna korosho mchana kutwa, na wanakutazama tu.

Upande wa Chidya babu mmoja alininyooshea fimbo.

"Bwana shamba, itanyesha au haitanyesha?"

"Uwezekano ni mkubwa, babu."

"Sikukuuliza ukubwa."

Mkutano mzima ulicheka, na mimi nikacheka, maana ningefanya nini. Jioni ile nilifikiria sana, na mkutano uliofuata niliwaambia hivi: chukua gunia la korosho. Nyingi ni nzuri, chache ni mbovu. Ukitia mkono bila kutazama, huenda ukatoa nzuri, lakini hakuna anayeweza kuapa. Karatasi hii inasema mwaka huu gunia la mvua za mapema lina nzuri nyingi. Haisemi mkono wangu utatoa ipi.

Hilo walilielewa mara moja, kwa sababu hakuna mtu wa huku ambaye hajawahi kutia mkono kwenye gunia. Babu yule yule akasema, "Mwaka jana ulinitolea mbovu."

Nikamjibu, "Ndiyo, babu. Mwaka jana ilikuwa mbovu."

Basi. Msijitetee. Mtu akikwambia utabiri haukutimia, na kweli haukutimia, mkubalie. Atakuja tena kukusikiliza. Ukimzungusha, ataanza kuwauliza waganga, na waganga hawana karatasi wala haya.

Mengine ninayoyajua ni madogo, lakini yachukueni. Manyunyu ya kwanza yasiwapandishe watu mbegu. Mwambie mtu achimbe kwa vidole vyake. Unyevu ukifika kwenye kifundo cha mkono, apande. Usipofika, arudi nyumbani akale panya wake wa porini, kitoweo chetu huku. Korosho zilizo chini ziokotwe kabla ya mvua, maana zikilowa na kulala na unyevu zinaota kuvu. Na moshi msiufananishe na wingu. Mwezi wa kumi anga lote linakuwa jeupe na zito, na wageni wanasema mvua imekaribia. Wingu la mvua lina tumbo, limelala bapa upande wa chini. Moshi hauna tumbo. Jua likiwa ndani ya moshi ni jekundu na unaweza kulitazama kama sahani.

Kule Newala, pembeni kabisa mwa uwanda, ukisimama unaliona bonde la Ruvuma lote. Miezi ile moto ulikuwa ukiwaka upande wetu na upande wa Msumbiji, moshi ukapanda ukakutana katikati. Nilikuwa mgeni kwenye kazi. Ofisi yetu ilikuwa imetoka kutangaza kwamba mvua huenda zikawahi. Wiki ile ile bonde likawaka kuliko nilivyowahi kuona. Nikamuuliza Mzee Likapa, watu hawa wamepatwa na nini?

Akanijibu, "Wale wote wametusikiliza."

Sikuelewa. Akanieleza polepole. Mtu akishafyeka shamba, majani na visiki anasubiri vikauke, kisha anachoma, ndipo apande. Mvua ikimkuta hajachoma, takataka zinalowa, magugu yanaota juu yake, msimu umekwisha. Kwa hiyo ukimwambia mvua inawahi, unamwambia achome leo. Na hukumwambia yeye peke yake, umeuambia uwanda mzima. Waliokuwa wachome kwa mwezi mmoja na nusu wanachoma kwa wiki moja. Wawindaji panya nao wanaongezea moto wa kwao porini wa kuwafurusha panya, maana hawataki kukosa.

"Ukitangaza mvua," alisema Mzee Likapa, "umetangaza moto."

Niliyashika maneno hayo. Kila mahali nilipofanya kazi, nilipomaliza kusoma habari ya mvua nilikuwa nakaa na wenyeviti kupanga nani achome lini. Wachome asubuhi umande ukishakauka, moshi upate kupanda. Wasichome jioni, kwa sababu moshi wa jioni hautaki kupanda, unalala na watu majumbani. Chini ya mikorosho pasafishwe kwa jembe, na mpaka ulimwe upana wa watu wawili wanaolima bega kwa bega. Mahali pengine walikubali, mahali pengine walinipa chai tu.

Nilikuwa na sababu yangu ya kusisitiza, na sikuwahi kuificha. Sababu ilikuwa nyumbani. Mama Anna kuanzia mwezi wa tisa alikuwa halali chali. Alikaa ameegemea ukuta, kanga mbichi dirishani, na dawa yake ya kuvuta mdomoni iko mapajani. Lakini mdomo wake haukuugua. Nikirudi kutoka safari na karatasi zangu aliniuliza, "Haya, gunia linasemaje?" Nikimwambia, anatikisa kichwa. "Kifua changu kinajua kuliko redio yako." Mvua ya kwanza ikipiga bati, alitoka nje akasimama kwenye matone mpaka alowe. Hapo ndipo mwaka ulipoanza kwake. Majirani walimcheka, naye aliwacheka wao wanaokimbia mvua kama mbuzi.

Mwaka jana mwezi wa kumi, Zuhura alisoma mwelekeo kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mimi nilikaa kwenye benchi na wastaafu wenzangu. Alisoma vizuri, kwa sauti, bila kuogopa: mvua huenda zikaanza mapema. Nikawaona watu wanageuka kutazama upande wa mashamba yao kabla hata hajamaliza. Mwaka huo Mama Anna alikuwa amedhoofu. Tulikuwa tumetoka hospitali Masasi, wametupa dawa na kutuambia aepuke moshi. Aepukie wapi?

Nikasimama. Nikaomba tuchome kwa zamu.

"Baba Anna," akasema kijana mmoja kutoka nyuma, "mvua haina zamu."

Watu wakacheka. Mama Hadija, jirani yangu, mjane, mwenye shamba bondeni, akageuka akamwambia, "Wewe shamba lako hata hujafyeka. Utachoma nini, suruali?"

Mwenyekiti Nakuchema aliwatuliza. Nikawaambia wazi: mke wangu hawezi moshi mwingi kwa mara moja. Mdogo mdogo ataustahimili kama miaka yote. Siombi msichome. Naomba msichome wote pamoja. Mzee mmoja wa kitongoji cha juu akasema jambo hilo halina ubaya. Wakapanga: kitongoji cha juu kwanza, halafu cha kati, bondeni mwisho. Wa bondeni walinung'unika, lakini walikubali. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama Anna. Akasema, "Umeniombea mbele ya watu wote hao? Aibu yako." Lakini alifurahi, nilimwona.

Watu wa juu walianza. Siku mbili mambo yalikwenda sawa. Moshi ulikuwepo ila ulipanda ukaenda zake. Siku ya tatu asubuhi, mashamba yakiwa yamewashwa, habari ikaja kwamba yule mzee aliyeniunga mkono amefariki. Alikula vizuri usiku, asubuhi hakuamka.

Kwetu msiba ukitangazwa, jembe hulazwa. Mtu hulaza jembe pale pale alipo, anakwenda msibani. Atakayeonekana shambani wakati mwenzake anazikwa, hiyo itasemwa kwa wajukuu zake. Basi watu waliacha moto kama ulivyo. Visiki vilikuwa bado vinafuka.

Tulikaa msibani, wanaume nje. Mchana upepo wa mashariki ukaanza, kama kawaida yake. Tuliuona moshi unabadilika rangi, unakuwa mzito, unasogea kuelekea kwenye mikorosho. Kila mtu aliuona. Mmoja aliye karibu nami aliutazama, akatazama chini, akautazama tena. Shamba lilikuwa lake. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Mpaka mtoto mkubwa wa marehemu alipotoka akaona, akasema, "Jamani, baba yangu hawezi kuwadai. Nendeni." Ndipo tukakimbia. Mikorosho mingi ilikuwa imeshababuka, mingine ya tangu enzi za babu zao.

Baada ya mazishi hapakuwa na zamu tena. Siku zilikuwa zimepotea, manyunyu yalipita alasiri moja, watu wakaingiwa na hofu. Sikumsikia mtu akisema "tuvunje makubaliano." Kila mmoja aliwasha la kwake akidhani ni yeye peke yake aliyebaki nyuma. Kitongoji cha juu, cha kati, na bondeni baadhi. Nilimwendea mwenyekiti. Akaniambia, "Baba Anna, nimezunguka tangu alfajiri. Nikimzuia huyu, yule ameshawasha." Alikuwa na masizi usoni. Nilimwamini, na mpaka leo namwamini.

Moshi uliingia ndani ya nyumba ukakaa. Niliziba dirisha kwa kanga zote tulizonazo, nikizilowesha kwa maji ya kunywa. Nikamwambia Mama Anna twende Masasi kwa Anna, binti yetu.

"Masasi hakuna moto?"

"Upo."

"Njiani je?"

"Upo."

"Basi niache hapa, nife kwa moshi ninaoujua."

"Usiseme hivyo."

Akavuta dawa yake, akapumzika, akanitazama kwa yale macho yake ya utani. "Miaka yote unawagawia watu mvua. Leo huna hata wingu moja la kunipa mkeo?"

Nilitoka nje kutazama. Sikuona wingu. Nilirudi nikamwambia kweli, kwamba hakuna. Akasema, "Sawa." Nilitafuta gari hata hivyo, jioni ile, likapatikana la kuondoka asubuhi. Asubuhi lilipofika mlangoni alikuwa amekwisha kwenda.

Habari ikatangazwa, na jembe likalazwa. Bondeni walikuwa hawajamaliza, wengine walikuwa na kiberiti mkononi. Waliacha. Safari hii waliuzima kwanza ule uliokuwa unawaka, visiki wakavifukia mchanga, ndipo wakaja.

Ijumaa tulimzika. Tukirudi kutoka makaburini niliinua macho nikaiona miamba ya Masasi. Tangu mwezi wa tisa ilikuwa haionekani. Anga lilikuwa limesafishika, la buluu, hewa baridi. Hakuna aliyechoma chochote kwa siku mbili, kijiji chote, na watu wa vijiji vya jirani walikuwepo pia kwetu. Mama Hadija alikuwa anatembea mbele yangu na wanawake wenzake. Alivuta pumzi ndefu, akasema, "Jamani, leo hewa nzuri." Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Hakugeuka kunitazama.

Jumapili tanga lilianuliwa. Jumatatu nilitegemea kuona moshi, sikuona. Jumanne vivyo hivyo. Mawingu yalikuwa yameanza kupanda upande wa mashariki, ya kweli, yenye tumbo. Watu walipita njiani na majembe begani kwenda kwenye mikorosho, wakaokota korosho, wakarudi. Hawakuchoma.

Alasiri ya Jumanne walikuja mwenyekiti na Zuhura.

"Shikamoo, baba," alisema Zuhura.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Akakaa. Akaanza kulia kabla hajasema. "Baba, mimi ndiye niliyesoma lile tangazo."

Nikamwambia, "Ulilisoma sawasawa. Mvua si hiyo inakuja? Ungenyamaza, wasingeokota korosho, wasingeandaa mbegu. Mwakani usome tena. Ila ukimaliza usiondoke. Kaa nao mpaka wapange moto."

Mwenyekiti alizungumza habari ya korosho, habari ya barabara, habari ya mbuzi wa mtu aliyevunja ua. Nilimwacha amalize. Nikamuuliza, "Bondeni wamebakiza mashamba mangapi?"

"Machache tu. Hakuna haraka, Baba Anna."

"Mwenyekiti, tazama mawingu yale."

Hakutazama. "Wanaona haya," akasema. "Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza."

Niliwaza juu ya watoto wa bondeni mwezi wa pili, akiba ikiisha. Nikamwambia awaambie waanze kesho, shamba moja moja, asubuhi, na mimi nitakuwepo. Zuhura alinisihi nipumzike. Nilimwambia nimepumzika vya kutosha, na haikuwa kweli, lakini hilo ndilo nililosema.

Jumatano umande ulipokauka tulikuwa kwenye shamba la Mama Hadija. Walikuja wengi kuliko kazi yenyewe, kila mtu na tawi bichi la kupigia moto mkononi. Mpaka ulikuwa umelimwa vizuri, upana wa watu wawili. Mama Hadija alisimama na kiberiti. Alikitoa kijiti, akakirudisha ndani.

"Shemeji," akaniambia, "mkono hautaki."

Nikakichukua kile kiberiti. Niliokota vumbi nikalirusha juu, likaelekea upande wa nyumba. Nikawaambia tusubiri. Tulisubiri. Nikarusha tena, likaanguka pale pale miguuni. Nikaenda upande wa chini wa upepo, kule unakoelekea, ili moto urudi nyuma polepole usikimbie, nikainama, nikawasha.

Moshi ulipanda wima. Mama Hadija alikaa chini, akajifunika uso kwa kanga. Mimi nikachukua tawi bichi, nikaenda kusimama kwenye mpaka, upande wa mikorosho yake.